Pemba ilinikumbusha kadi ya mbwa wetu

Ukishuka kwenye boti pale Mkoani wakati wa msimu wa karafuu, harufu inakupokea kabla ya wenyeji. Karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara na kwenye sakafu za saruji mbele ya nyumba, na watoto wanazilinda kuku wasizitawanye. Tulitoka Tanga mimi na mwanangu wa darasa la nne, likizo ya Desemba, kwenda kumsalimia mama mkwe wangu Wete.

Barabara ya kutoka Mkoani kwenda Wete kupitia Chake Chake inapanda na kushuka vilima, mikarafuu huku, migomba kule, mabonde ya mpunga katikati. Mwanangu alikaa dirishani akihesabu. Nilidhani anahesabu vilima.

"Mama, mbwa wako wapi huku?"

Hadi tunafika Chake Chake alikuwa amehesabu paka 11 na mbwa mmoja tu, aliyelala kivulini mwa mwembe. Nikacheka. Nyumbani Tanga tuna mbwa, Bosi, wa rangi ya kahawia, mwenye mkia uliopinda kama ndoana. Nikajua mtoto amemkumbuka rafiki yake. Siku tatu baadaye ndipo nilipoelewa kwamba swali lake lilikuwa na sababu nyingine.

Paka ndani, mbwa nje

Pemba si kwamba haina mbwa. Inao, ila si wengi, na hawakai mahali unapotarajia kuwaona. Paka ndiye mwenye nyumba. Kwa mama mkwe yupo mmoja mweupe mwenye baka jeusi sikioni, ambaye kila asubuhi anaketi hatua mbili kutoka kwenye mbuzi ya kukunia nazi akisubiri kichwa cha samaki. Hafukuzwi, wala hana haraka.

Mbwa kazi yake iko shambani na uani. Analinda muhogo na ndizi dhidi ya tumbili, na usiku anabweka mtu asiyejulikana akipita. Ndani haingii. Watu wengi hapa ni Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Nilikuwa nikidhani hali hiyo inamfanya mbwa asitunzwe. Mama mkwe alinirekebisha.

"Kutomwingiza ndani si kumtesa, mwanangu," aliniambia, akijaza maji kwenye bakuli la plastiki nyuma ya banda la kuni. "Naye ana kiu kama wewe. Na kesho kuna chanjo pale skuli. Sheha kashatangaza."

Skuli ndivyo wanavyoiita shule huku. Mwanangu aliposikia neno chanjo, aliacha kula mkate wa kumimina.

Chini ya mwembe

Kesho yake saa mbili asubuhi tulikuwa uwanjani. Meza moja ya mbao chini ya mwembe, boksi la kuhifadhia baridi, daftari kubwa, na bwana mifugo mwenye mabuti ya mpira. Vijana walikuja na mbwa kwa kamba za mkonge. Msichana mmoja alimleta paka wake kwenye kikapu cha ukili kilichofungwa kanga juu, na paka alilalamika njia nzima.

Kila mnyama alichomwa sindano moja, akaandikiwa kadi, na mbwa akavishwa ukanda mwembamba shingoni ili ajulikane kuwa ameshachanjwa. Haikuchukua dakika tano kwa mmoja.

Foleni ilipopungua nilimuuliza bwana mifugo kwa nini kisiwa chenye mbwa wachache hivi kinajisumbua kila mwaka. Aliweka kalamu chini.

Mwaka 2010, alisema, kichaa cha mbwa kilikuwa kimesambaa Pemba. Watafiti waliofuatilia mbwa mmoja mmoja, na kuchunguza virusi vyenyewe, waligundua minyororo mitano ya maambukizi ikizunguka kisiwani kwa wakati mmoja. Chanjo ya mbwa ya kisiwa kizima ikaanza, mwaka baada ya mwaka, na kila ilipofanywa vizuri zaidi, ugonjwa ulipungua. Kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika.

"Hapo ndipo tulipokosea," alisema. "Ugonjwa ukiisha, watu husahau kwa nini uliisha."

Chanjo ikalegalega. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingizwa tena kisiwani, si mara moja bali mara mbili. Mbwa wakaumwa, watu wakang'atwa. Ikabidi chanjo ya kisiwa kizima irudishwe, na ugonjwa ukaondolewa tena Oktoba 2018.

Niliangalia upande wa bahari, ingawa kutoka pale huioni. Bahari yote ile haikukizuia kichaa cha mbwa. Aliyekizuia ni mtu mwenye boksi la chanjo, anayerudi kila mwaka. Mwaka ambao hakurudi, ugonjwa ulirudi.

Alinieleza pia kwamba si lazima umpate kila mbwa. Ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita. Lakini watoto wa mbwa huzaliwa kila siku, wakubwa hufa, na kinga ya waliochanjwa hupungua. Ndiyo maana hesabu hiyo huanza upya kila mwaka.

Swali la mwanangu

Nilikuwa naandika hayo kwenye simu niliposikia sauti ya mwanangu, ndogo, kama ya mtu anayeuliza kwa niaba ya mwingine.

"Kama mbwa amekung'ata na kidonda kimeshapona, bado unaweza kuugua?"

Bwana mifugo hakushtuka. Alichuchumaa, macho yake yakawa sawa na ya mtoto. "Amekung'ata nani, baba?"

Kimya. Kisha mwanangu akapandisha suruali. Kwenye muundi wa mguu wa kushoto kulikuwa na alama mbili ndogo, nyeusi, zilizokwisha kufunga. Mimi mama yake sikuwa nimeziona.

Ilikuwa siku ya kufunga shule. Bosi alikuwa na mfupa, mwanangu akataka kuuchukua, Bosi akamng'ata. Akanawa kwa maji ya bomba, akavaa soksi ndefu, akanyamaza. Tukahesabu: siku 19 zilikuwa zimepita.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemfukuza Bosi. Na ungenichapa."

Mzazi mwenzangu, sitaficha. Kilichonijia kichwani kwanza si mtoto, ni kadi. Bosi alichanjwa mara moja, akiwa mdogo. Kadi yake ninajua ilipo: kwenye droo, chini ya risiti za zamani za maji. Tarehe ya kurudia ilipita zaidi ya miaka miwili iliyopita. Kila nilipofungua droo ile niliiona, nikasema nitakwenda wiki ijayo.

Na ninajua kichaa cha mbwa ni nini. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Huweza kuchukua wiki au miezi tangu mtu ang'atwe hadi augue, na kidonda kinaweza kuwa kimepona kabisa. Duniani, karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu waliupata kwa mbwa, na katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Sasa mmoja wa watoto hao alikuwa mbele yangu, ameshika suruali yake mkononi.

Simu kwenda Tanga

"Mpigie aliye nyumbani," bwana mifugo alisema. "Tujue mbwa yuko wapi."

Mume wangu alipokea mlio wa pili. "Bosi? Yupo hapa mlangoni. Amekula ugali na dagaa, sasa anambwekea muuza mkaa. Kwani kuna nini?"

Bwana mifugo aliomba simu, akauliza taratibu. Anakula? Anakunywa maji na kumeza vizuri? Mlio wake umebadilika? Anatokwa mate kuliko kawaida? Amewahi kutoroka au kung'atwa na mbwa mwingine? Anatembea sawasawa? Kila jibu lilikuwa zuri. Nikaona mabega yake yanashuka, nami nikagundua nilikuwa sijavuta pumzi.

Akanieleza. Mbwa ambaye mate yake yana virusi vya ugonjwa huu huonyesha dalili na kufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo mbwa aliyemng'ata mtu huangaliwa kwa siku 10. Akiwa bado mzima siku hizo zikiisha, hakuwa na virusi kwenye mate siku ile aliyong'ata. Bosi alikuwa na siku 19 na anabweka.

"Lakini usijifunze vibaya hapo," akaongeza. "Hukusubiri kwa mpango. Hukujua tu. Angekuwa mgonjwa, siku 19 hizo zingekuwa zimepotea bure. Mtu akishang'atwa hakai nyumbani kuhesabu siku. Anaosha, anakwenda hospitali, na huko mbwa anaangaliwa na watu wengine."

Tulikwenda hospitali hata hivyo. Daktari alizikagua alama, akauliza maswali yale yale, akampigia tena mume wangu, akaandika. Kwa kuwa mbwa yu hai na mzima baada ya muda wote huo, alisema, mtoto hahitaji sindano za kichaa cha mbwa. Kisha akamtazama mwanangu, si mimi: "Siku nyingine ukisema siku hiyo hiyo, utakuwa umemsaidia mama, umejisaidia wewe, na umemsaidia na huyo mbwa wako."

Niliyoyaandika siku ile

Jioni tulikaa barazani kwa mama mkwe. Nilisoma tena maelezo niliyoandika chini ya mwembe, maana bwana mifugo alikuwa amejibu mengi kuliko niliyouliza. Nayaweka hapa kwa mzazi yeyote mwenye mbwa au paka.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa mbwa na kwa paka pia, kwa kawaida kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kama kadi inavyosema, kwa wengi wetu kila mwaka. Paka anayetoka nje usiku hukutana na wanyama usiowajua. Mbwa mdogo ana chanjo nyingine pia, ikiwemo ya parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa haraka. Hizo huanza mapema, akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa mara kadhaa hadi afikishe karibu miezi minne. Sindano moja tu haitoshi.

Dawa ya minyoo hutolewa tangu akiwa na wiki chache, mara kwa mara, na akishakuwa mkubwa kila miezi mitatu hivi. Hii si kwa ajili ya mnyama peke yake. Mayai ya minyoo ya mbwa na paka hukaa kwenye udongo na mchanga, na mtoto anayecheza hapo kisha akala bila kunawa huyameza. Minyoo mingine hupenya ngozi ya mguu ulio peku na kuacha mstari unaowasha unaotambaa chini ya ngozi. Zoa kinyesi kila siku, funika rundo la mchanga wa ujenzi, na wavalishe watoto ndala.

Kupe mtafute kwa vidole: nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole vya miguu. Mng'oe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja. Usimchome kwa moto wala kummwagia mafuta ya taa.

Na hili lilinishtua: dawa ya kupe na viroboto iliyotengenezwa kwa mbwa au ng'ombe inaweza kumuua paka. Nyingi zina pamethrini, ambayo mwili wa paka hauwezi kuivunja. Parasetamo, kidonge kile tunachompa mtoto mwenye homa, humuua paka vile vile, hata kipande. Mnyama akiumwa, usifungue kabati lako la dawa. Mpigie bwana mifugo.

Chakula si jambo gumu. Mabaki yanafaa, lakini si mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka na kuwa kama sindano tumboni. Si vitunguu, si chokoleti. Maji safi kila siku ni bora kuliko maziwa, ambayo humharisha paka mkubwa. Na dume au jike aliyefungwa kizazi hazururi sana, hapigani sana, hivyo haji na majeraha nyumbani.

Mwisho, mtoto afundishwe kumwacha mnyama anayekula, anayelala, au anayenyonyesha. Bosi hakuwa mbaya siku ile. Alikuwa na mfupa wake.

Akishang'atwa

Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Paka dawa ya kuua vijidudu kama unayo. Usiweke pilipili, mafuta, majivu wala udongo. Usikifunge kwa kukibana. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo, hata kama mbwa ni wa jirani unayemheshimu. Ukianzishiwa sindano, zimalize zote kwa tarehe ulizoandikiwa. Usiache baada ya ya pili kwa kuwa mtoto anacheza vizuri.

Na mbwa usimuue kwa hasira. Akiwa hai na amefungwa, atawaambia madaktari mengi.

Kurudi

Tulirudi Mkoani baada ya wiki. Mwanangu alihesabu tena njiani. Alipata mbwa watatu, na wawili kati yao, aliniambia kwa sauti ya mtu mwenye habari, walikuwa na ukanda shingoni.

Tanga tulipofika, Bosi alitukimbilia akiwa na kamba mpya. Mume wangu alikuwa ameshampeleka kwa daktari wa mifugo kesho yake baada ya simu ile. Kadi mpya haikuingia droo. Niliitundika ukutani jikoni, pembeni ya kadi ya kliniki ya mtoto wetu mdogo, ambayo sijawahi kuikosa tarehe hata moja. Tarehe ya Bosi nimeiweka pia kwenye simu, ilie wiki moja kabla.

Usiku ule nilikaa kitandani kwa mwanangu. Nilimwambia kwamba aking'atwa tena, na Bosi au na mbwa yeyote, au paka akimkwaruza, aje aniambie saa hiyo hiyo, hata kama kosa ni lake. Hachapwi. Bosi hafukuzwi.

Akaniuliza, "Hata nikiwa nimeng'ang'ania mfupa wake?"

"Hata hivyo."

Akafikiri kidogo, kisha akanionyesha goti. Alikuwa ameanguka kwenye boti, hakusema. Tukaenda pamoja bombani, tukaliosha kwa sabuni.